Gesi Haiishi, Huvuja: Kutafuta na Kuziba Mvujo katika Kiyoyozi cha Gari

Utangulizi

Miongoni mwa kauli zinazosikika mara kwa mara katika gereji zetu, hasa kule pwani ambako joto hubisha hodi tangu saa tatu asubuhi, ni ile isemayo, "Gesi ya AC imeisha." Mwenye gari huitikia kwa kichwa, hulipa, gesi huongezwa na kiyoyozi huanza tena kupuliza baridi. Baada ya miezi miwili au mitatu hurudi pale pale, na kauli ile ile hurudiwa. Kitenzi kuisha kimekwisha kufanya kazi yake: kimemfanya mteja aamini kwamba gesi ya kiyoyozi hutumika kama petroli itumikavyo, au kama unga uishavyo debeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba imani hiyo haina msingi. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi na chochote. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua, basi imepata mahali pa kutokea. Kitenzi kinachostahili hapa ni kuvuja.

Huenda msomaji akadhani kwamba huu ni ubishi wa wanaisimu tu. La hasha. Aambiwaye kuwa gesi imeisha hununua gesi. Aambiwaye kuwa gesi imevuja huuliza swali moja zaidi: imevujia wapi? Swali hilo ndilo linalomwokoa asilipe mara nne kwa mwaka, na ndilo linaloiokoa kompresa yake, kifaa ambacho bei yake humfanya mtu afikirie kuliuza gari lenyewe.

Kiyoyozi hufanyaje kazi?

Hatuwezi kuutafuta mvujo bila ya kuelewa kinachovuja. Msomaji na aukumbuke mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole hadi kwenye ngozi ya mtungi, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi hata pasipo umeme. Vivyo hivyo, spiriti anayopaka muuguzi kabla ya sindano hutia ubaridi kwa kuwa hukauka upesi. Kila kiowevu kigeukacho mvuke hudai joto kutoka kwa jirani yake. Kiyoyozi ni mtungi huo huo, isipokuwa kwamba mvuke wake hauachiwi uende zake. Hukusanywa, hurejeshwa kuwa kiowevu, ukatumika tena na tena.

Gesi iliyomo katika magari mengi ya barabara zetu ni ile ijulikanayo kama R-134a. Katika shinikizo la kawaida la hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri. Kompresa, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi hiyo hadi ikawa moto na yenye shinikizo kubwa. Gesi huingia katika kondensa, ule wavu wa alumini ulio mbele ya rejeta, ikapigwa na upepo, ikapoa na kuwa kiowevu. Kisha hupita katika kichujio kinachofyonza unyevu, ikafika kwenye vali ya upanuzi, ambayo ni tundu jembamba mno. Ikishavuka tundu hilo shinikizo huanguka ghafla, na kiowevu huanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Shinikizo likiwa baa 2 hivi juu ya lile la hewa, R-134a huchemka karibu na nyuzi sufuri. Feni hupuliza hewa ya ndani ya gari juu ya evaporeta hiyo, na abiria wakashukuru.

Jambo moja husahauliwa sana. Pamoja na gesi huzunguka mafuta maalumu ya kulainisha kompresa. Kompresa haina tangi lake la mafuta kama injini ilivyo nalo. Hutegemea yale yanayobebwa na gesi. Gesi ikipungua, mafuta hayarudi ipasavyo, na kompresa hujisaga yenyewe. Ili kuizuia hali hiyo, watengenezaji huweka swichi inayokata umeme wa kompresa pindi shinikizo linapokuwa dogo mno. Baadhi ya mafundi, wakiona kompresa haishiki, huunganisha waya moja kwa moja na kuiruka swichi hiyo. Huko ni sawa na kumziba mlinzi mdomo kwa sababu amepiga kelele usiku.

Neno kuhusu istilahi. Kiyoyozi kimekubalika, na ni neno zuri. Kuhusu sehemu zake, mafundi wetu husema kompresa, kondensa, vali, na kile kinachozunguka ndani hukiita gesi tu, hata kikiwa kiowevu. Mwandishi wa makala haya ameyafuata matumizi ya mafundi, kwa kuwa istilahi isiyotamkwa gerejini haitamsaidia mtu anayelipa gerejini. Hata hivyo, neno geji limetumika hapa kwa kipimo cha shinikizo na neno ombwe kwa hali ya kutokuwa na hewa, kwani yote mawili yanaeleweka.

Mivujo hutokea wapi?

Hakuna mfumo usiopoteza hata chembe. Mipira ya kiyoyozi hupitisha gesi kidogo kidogo hata ikiwa mizima. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2006, uliweka kikomo cha gramu 40 kwa mwaka kwa mfumo wenye evaporeta moja unaotumia gesi ya aina hii. Gari dogo hubeba takribani gramu 500. Kwa kasi hiyo ya gramu 40 litahitaji zaidi ya miaka 6 kupoteza nusu ya gesi yake. Kwa hiyo gari linalopoteza yote katika miezi mitatu halina uzee wa kawaida, lina tundu.

Sehemu ya kwanza ya kushukiwa ni viungo. Kila paipu inapokutana na nyingine huwekwa pete ya mpira, ambayo mafundi huiita oringi. Pete hizo hukauka, hubonyea na kupasuka kadiri miaka inavyopita. Ikumbukwe kwamba magari mengi ya Kenya huingia nchini yakiwa yametumika kwingineko, na kanuni zimeruhusu yale yasiyozidi miaka 8 tangu yaliposajiliwa mara ya kwanza. Mnunuzi wa gari "jipya" basi huwa amenunua pia pete zenye umri wa mtoto wa shule ya msingi.

Sehemu ya pili ni kondensa. Kwa kuwa iko mbele, ndiyo ipokeayo changarawe zinazorushwa na lori lililotangulia, na kwa magari ya Mombasa, Kilifi na Lamu, hupokea pia hewa ya chumvi inayoila alumini. Sehemu ya tatu ni sili ya mhimili wa kompresa, pale chuma kinachozunguka kinapotokeza nje. Sili hii hulainishwa na mafuta yanayozunguka na gesi. Ajabu ni kwamba huharibika upesi kwa wasiokitumia kiyoyozi kuliko kwa wakitumiao. Mkazi wa Limuru au Eldoret anayekizima mwaka mzima kwa kuwa hakihitaji huiacha sili ikauke. Dakika chache za kukiwasha kila wiki zingeitosha, baridi iwe ilivyo.

Zipo pia vali ndogo za kujazia gesi, zinazofanana na vali ya gurudumu. Vifuniko vyake vya plastiki si pambo. Ni kizuizi cha pili, na mara nyingi huwa vimepotea. Mwisho ni evaporeta, ambayo ndiyo maumivu ya kichwa kwa kuwa haionekani.

Na hapa msomaji atahadharishwa kuhusu matone ya maji chini ya gari. Wapo wanaokimbilia gereji wakidhani kiyoyozi kinavuja. Maji hayo ni unyevu wa hewa uliotonea juu ya evaporeta baridi, kama utoneavyo juu ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Gari lililosimama Likoni likisubiri feri huku likidondosha maji lina kiyoyozi chenye afya. Gesi yenyewe ikitoka haiachi tone. Huruka mara moja.

Namna ya kuutafuta mvujo

Fundi mwema huanza kwa macho. Gesi hutoroka pamoja na mafuta kidogo, nayo mafuta hunasa vumbi. Penye kiungo kilicholowa na chenye uchafu mweusi ilhali jirani zake ni vikavu, hapo pana jambo. Uchunguzi huu haugharimu chochote zaidi ya tochi na subira, na inasikitisha kwamba ndio unaorukwa mara nyingi.

Baada ya macho huja povu la sabuni. Sabuni hupakwa kwenye viungo mfumo ukiwa na shinikizo, na panapovuja hutokea mapovu. Njia hii hufaa kwa mivujo mikubwa na kwa sehemu zinazofikika. Haifai kwa evaporeta, na mvujo mdogo huweza kuipita kimya kimya.

Njia ya tatu ni rangi inayong'aa. Kiasi kidogo cha rangi maalumu hutiwa ndani ya mfumo, gari huendeshwa kwa siku kadhaa, kisha fundi huvaa miwani ya njano na kumulika kwa taa ya mwanga wa urujuani. Mahali palipovuja humetameta kwa rangi ya kijani. Uzuri wake ni kwamba rangi husubiri: mvujo unaotokea gari likiwa katika mwendo tu, ambao haungeonekana gerejini, huacha alama yake pale pale. Muhimu ni kuyafuta mabaki ya rangi baada ya matengenezo, la sivyo fundi ajaye atamulika mvujo wa mwaka jana.

Kisha kuna kinusio cha umeme, kifaa kidogo chenye shingo ndefu kinacholia kinapoinusa gesi. Kukitumia kunahitaji adabu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ncha hupitishwa upande wa chini wa kiungo, karibu sana lakini bila kukigusa, tena polepole, injini ikiwa imezimwa na pasipo upepo. Kwa evaporeta, gari huachwa limetulia kwa robo saa ili gesi ijikusanye, kisha ncha huingizwa katika paipu ya kutolea maji, baada ya kuhakikisha kwamba haina maji. Kifaa kikilia hapo na kisilie kwingine, dashibodi itafunguliwa.

Zamani palikuwa na taa ya mwali ambao ulibadilika kuwa kijani ulipoigusa gesi. Mwali huo uliitambua klorini iliyokuwemo katika gesi ya zamani ya R-12. R-134a haina klorini, kwa hiyo taa hiyo haioni kitu; na isitoshe, gesi hizi zikipita motoni hutoa hewa zenye sumu. Asiwepo wa kutafuta mvujo kwa kiberiti.

Mfumo ukiwa mtupu kabisa, njia ya kuaminika ni naitrojeni kavu. Hujazwa kwa kupitia kidhibiti shinikizo, kwani ndani ya mtungi wake mna shinikizo linaloweza kupasua kila kitu, hadi geji isome takribani paundi 150 kwa inchi mraba, kisha mfumo hufungwa na kuangaliwa. Ikiwa sindano ya geji inashuka, mvujo upo, na sabuni hutumika kuutafuta. Lakini asihukumu haraka: mfumo uliojazwa mchana wa nyuzi 30 na kusomwa jioni penye nyuzi 20 utashuka paundi 5 hivi kwa sababu ya ubaridi peke yake. Oksijeni isitumike kamwe mahali pa naitrojeni. Ikikutana na mafuta kwa shinikizo hulipuka, na jirani wa fundi wa kiyoyozi mara nyingi ni mchomeleaji mwenye mtungi wa oksijeni ulio tayari kuazimwa. Hewa ya kujazia magurudumu nayo haifai: ina unyevu, na R-134a ikichanganyika na hewa chini ya shinikizo huweza kushika moto.

Ombwe la Nairobi na ombwe la Mombasa

Kabla ya kutia gesi, hewa na unyevu hunyonywa kwa pampu hadi pakabaki ombwe, na ombwe hilo huachwa kwa nusu saa au zaidi. Likidumu, ni dalili njema. Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi havilitaji kwa kuwa viliandikiwa nchi tambarare. Geji hupima tofauti kati ya ndani na nje. Mombasa, usawa wa bahari, ombwe kamili husomeka karibu inchi 30 za zebaki. Nairobi, iliyo mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ya nje ni nyepesi, na ombwe lile lile husomeka inchi 24 au zaidi kidogo. Eldoret itakuwa chini zaidi, inchi 23 hivi. Fundi aliyefunzwa pwani akifika Nairobi na kuona sindano imegoma kwenye 24 anaweza kuilaumu pampu nzima, au kuusaka mvujo ambao haupo.

Tena ombwe si hakimu wa mwisho. Linavuta kwa ndani, ilhali gesi husukuma kwa nje, tena kwa nguvu nyingi zaidi. Pete iliyopasuka inaweza kunyonywa ikajibana na kuonekana nzima. Ndiyo maana jaribio la naitrojeni lina uzito kuliko la ombwe.

Namna ya kuuziba

Gesi iliyobaki hainyunyizwi hewani. Hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa mtungini. Historia yake inaeleza kwa nini. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii ya R-12 huweza kuiharibu ozoni inayotukinga na miale ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuziondoa, na sekretarieti ya ozoni iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. R-134a iliingia magarini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwa haidhuru ozoni. Hata hivyo, kilo moja yake huhifadhi joto la dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Gramu 500 zinazoachiliwa uani ni kama kuchoma zaidi ya lita 300 za petroli bila kwenda popote. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza gesi za aina hii pia. Magari mapya zaidi huja na R-1234yf, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno lakini hushika moto kwa kiasi. Gesi hizi mbili hazichanganywi.

Kuziba kwenyewe, mara nyingi, ni kazi ndogo kuliko kutafuta. Pete mpya iwe ya mpira uliokusudiwa kiyoyozi, ipakwe mafuta ya kompresa kabla ya kuwekwa. Kiungo hufunguliwa na kufungwa kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikizungusha, kwani paipu za alumini hupinda na kuvunjika kwa urahisi. Kondensa iliyotobolewa na jiwe huweza kuchomelewa na fundi stadi wa alumini, lakini iliyoliwa na chumvi ibadilishwe. Ukiziba leo hapa, kesho itatoboka pale. Kila mfumo ukifunguliwa kwa muda, kichujio cha unyevu hubadilishwa pia. Unyevu ukiachwa ndani huganda kwenye tundu la vali, na ukichanganyika na gesi na mafuta huzaa asidi inayoila alumini kutoka ndani. Mafuta yaliyotoka nayo hurudishwa kwa kiasi na aina iliyotajwa na mtengenezaji.

Zinauzwa pia dawa za kuziba mivujo bila kufungua kitu. Nyingine hugandamana zikutanapo na unyevu, na zikikutana nao ndani ya mfumo huziba hata vali ya upanuzi na mashine ya kunyonyea ya fundi. Mwandishi haoni sababu ya kuzipendekeza. Hatari zaidi ni gesi ya kupikia inayotiwa na wachache kwa kuwa ni rahisi na hupoza vizuri. Hupoza kweli. Lakini evaporeta ikitoboka, gesi hiyo huingia chumba walimoketi watoto, na cheche moja hutosha.

Gesi ifaayo hujazwa kwa mizani, si kwa kuguswa paipu kwa kiganja. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gramu. Ikizidi, shinikizo hupanda na ubaridi hupungua, jambo linalowashangaza wengi. Baada ya kujaza, kinusio hupitishwa tena kwenye kiungo kilichotengenezwa, kipimajoto huwekwa kwenye tundu la katikati la dashibodi, vifuniko vya vali hurudishwa, na fundi huandika chini ya boneti tarehe, gramu alizotia na mahali palipovuja. Mteja naye aombe kuiona pete iliyotolewa.